Elfu sabini kwa sababu ana miaka 17: kisa cha nyumba ya wageni Majengo, Moshi

Wanawake wawili na binti mmoja walikuwa wakifanya kazi ileile katika nyumba ya wageni iliyopo Majengo, Moshi: kupika, kuosha vyombo, kufua mashuka na kuhudumia meza za mgahawa wa mbele. Wanawake wale, mmoja wa miaka 29 na mwingine 35, walilipwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Binti alilipwa 70,000. Alikuwa na miaka 17. Hapohapo kulikuwa na kijana wa miaka 20 aliyekuja kwa fildi, yaani mafunzo ya vitendo ya chuo, akabaki, analipwa 90,000, na mzee wa miaka 64 aliyelinda geti usiku kwa 80,000.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, na kisa hiki nakiandika kwa urefu, kwa ruhusa ya binti na shangazi yake, kwa sababu hoja ya mwenye nyumba naisikia kila kona ya Kilimanjaro na Arusha: mtoto halipwi kama mtu mzima, na mzee aliyestaafu anapewa cha kumshikiza tu. Majina nimeyaacha, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Viwango ninavyotumia ni vya wakati ule, yaani vya Amri ya Mshahara iliyoanza kutumika 1 Januari 2023, na sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Zanzibar wana zao.

Jinsi alivyoingia kazini

Binti alimaliza mtihani wa kidato cha nne Novemba 2023. Kwao ni Rombo, ila alikuwa anakaa kwa shangazi yake Pasua. Kama wengi wanaosubiri matokeo, alitafuta kazi ya kujishikiza, na Desemba Moshi kazi za namna hiyo hazikosekani. Watu wanapanda kuja kula Krismasi nyumbani kutoka Dar, Dodoma, Mwanza na hata ng'ambo. Vyumba vinajaa, mtori na ndizi nyama vinapikwa kutwa, na kaunta ya vinywaji haifungwi mapema. Mama mwenye nyumba, anayefahamiana na shangazi kanisani, alisema binti aje amsaidie mpaka mwaka mpya. Hapakuwa na mkataba wa maandishi wala aliyeulizia cheti cha kuzaliwa. Mshahara ulitajwa sebuleni kwa shangazi: elfu sabini, na chakula cha mchana.

Mwaka mpya ukapita. Matokeo yakatoka, nafasi ya kidato cha tano hakuipata, naye akaendelea na kazi. Aliingia saa moja asubuhi na kutoka saa moja usiku, akipumzika kwa saa moja tu mchana, siku sita kwa wiki. Desemba ile ya kwanza alikuwa anatoka hata saa nne usiku. Alipoacha mwisho wa Agosti 2024 alikuwa ametimiza miezi 9.

Kilichomfanya aache ni jibu alilopewa. Siku moja ya mshahara alimwambia bosi wake: "Mama, naomba na mimi niongezewe, kazi nafanya sawa na akina dada." Akajibiwa: "Mwanangu, wewe bado mtoto. Huna mume wala watoto wa kulisha. Dada zako wana familia." Binti hakugombana. Alimaliza mwezi, akaaga, akaondoka. Shangazi ndiye aliyekasirika, na ndiye aliyemleta kwangu kabla Septemba haijaisha.

Daftari

Ushahidi bora katika kisa hiki ni kaunta buku la mahudhurio lililokuwa chini ya kaunta. Kijana wa fildi ndiye aliyekuwa analijaza, na alikuwa amepiga picha kurasa kadhaa kwa simu yake. Mistari imechorwa kwa rula: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Mwisho wa kila mwezi kuna ukurasa wa malipo. Mbele ya majina ya wale wanawake wawili hakuna kitu. Mbele ya jina la binti, kwa wino wa bluu na kwa mkono wa mwenye nyumba mwenyewe, imeandikwa "mt." Mbele ya jina la mzee, "mz." Mbele ya jina la kijana, "fld."

Nilimuuliza kijana maana yake. Akasema, "Mtoto, mzee, fildi. Ndivyo anavyopangia hela."

Ukurasa ule ulisema mambo mawili ambayo kwa kawaida ni magumu kuyathibitisha. Kwanza, mwenye nyumba alikijua kima cha chini. Kwa migahawa, nyumba za wageni na baa, amri ya wakati ule iliweka 150,000 kwa mwezi, na hicho ndicho alichowalipa wanawake wawili, bila kuzidi wala kupungua. Pili, aliyewekwa chini ya kiwango aliwekwa kwa sababu iliyoandikwa pembeni ya jina lake, na kwa binti na mzee sababu hiyo ni umri.

Amri ya Mshahara inapanga kwa sekta

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Waziri mwenye dhamana ya kazi hutoa Amri ya Mshahara chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, baada ya bodi za mishahara za kisekta kufanya kazi yake. Amri inataja sekta moja moja: kilimo, biashara na viwanda, madini, ulinzi binafsi, kazi za majumbani, hoteli na kadhalika. Ndani ya baadhi ya sekta kuna madaraja. Kwa hoteli, amri ile ya wakati wa kisa, iliyotolewa 2022, ilikuwa na 300,000 kwa hoteli kubwa za kitalii, 180,000 kwa hoteli za kati na 150,000 kwa migahawa, nyumba za wageni na baa. Kilimo kilikuwa 140,000. Ukiisoma amri yote hutakuta safu ya umri. Hakuna kiwango cha wa miaka 16, cha wa miaka 20 wala cha aliyepita 60.

Umri kwa sheria zetu una kazi nyingine. Unaamua kama mtu anaruhusiwa kuajiriwa na kazi gani haruhusiwi kuifanya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 5, inakataza kuajiri mtoto chini ya miaka 14. Kuanzia 14 anaweza kufanya kazi nyepesi zisizodhuru afya na makuzi yake wala kumkosesha shule. Chini ya miaka 18 hatakiwi kwenye mgodi, kiwanda, meli wala mahali pengine penye mazingira ya hatari. Kifungu cha 20 kinakataza kumfanyisha kazi usiku aliye chini ya miaka 18, na usiku kwa sheria hii unaanza saa mbili. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaziorodhesha kazi za hatari, na humo wametaja baa, hoteli na kumbi za starehe.

Kwa hiyo umri ni mlango. Ukishaingia ndani, kwa halali au kwa kosa la aliyekufungulia, bei ya kazi ni ya sekta.

Hoja za mwenye nyumba, moja baada ya nyingine

Tulimwandikia barua, akakubali tukutane kabla ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Alikuja na mdogo wake. Sikumwona kuwa mtu mbaya, na nalisema hilo bila kusita. Alikuwa amemnunulia binti viatu wakati wa Pasaka na kumpeleka hospitali ya Mawenzi alipougua. Lakini hoja zake zinastahili kujibiwa kwa uzito wote, maana ndizo wanazozitoa na wengine.

Hoja ya kwanza: "Nilikubaliana na shangazi yake." Ni kweli walikubaliana. Kima cha chini, hata hivyo, kimewekwa ili makubaliano yasishuke chini yake. Laiti ridhaa ingetosha, amri isingekuwa na maana, kwa kuwa mwenye shida anakubali chochote. Shangazi mwenyewe alilia aliposikia hili, akidhani ni yeye aliyemuuza mtoto. Nikamwambia sheria inamlinda hata aliyekubali.

Hoja ya pili ilikuja kwa hatua mbili, na nataka msomaji azitazame kwa pamoja. Tulipogusia kazi za baa na usiku, mdogo wake alisema hawakujua binti ana miaka 17. Ana umbo kubwa, na kitambulisho cha NIDA hakuwa nacho. Tulipogusia mshahara, mama alisema analipa nusu kwa kuwa ni mtoto. Kauli hizi mbili haziwezi kukaa pamoja kwa upande mmoja. Aliyeandika "mt." kwenye daftari alijua. Na hata asingejua, kifungu cha 5 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba alichunguza na kuwa na sababu ya kuamini umri ulitosha. NIDA hutolewa kwa wenye miaka 18 na kuendelea, hivyo kijana asiye nayo ni wa kuulizwa cheti cha kuzaliwa, siyo wa kukadiriwa kwa macho.

Hoja ya tatu ndiyo niliyoiogopa zaidi, na ililetwa na mdogo wake, ambaye ameisoma sheria kidogo. Alisema: kama kumwajiri kulikuwa kosa, basi mkataba ni batili, na mkataba batili hauzai deni. Kwa lugha nyingine, kwa kuwa tulivunja sheria kumwajiri, hatudaiwi. Hoja hii inasikika vizuri, na nimewaona watu wakiikubali na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Inaanguka kwa sababu tatu. Katazo la kifungu cha 5 linamwelekea anayeajiri. Kosa ni lake, na mtoto hatajwi kuwa mkosaji. Pia Sheria ya Mtoto, baada ya kukataza kazi za kinyonyaji na kazi za usiku, inasema wazi kwamba mtoto ana haki ya kulipwa ujira unaolingana na thamani ya kazi aliyoifanya. Bunge lilijua watoto watafanyishwa kazi, zikiwemo zisizofaa, na likataka walipwe. La mwisho ni la kawaida kabisa: hoja hiyo ingekubalika, anayeajiri watoto kinyume cha sheria angepata nguvukazi ya bure, na anayeajiri watu wazima kihalali angelipa. Tafsiri inayompa tuzo mvunja sheria haiwezi kuwa ndiyo iliyokusudiwa.

Kisha ikaja hoja ya nne, na hii ilinipa nafasi ya kueleza jambo ambalo wengi wanalichanganya. Mama ana mtoto wake wa kiume Uingereza. Huyo alimwambia kwamba hata kule vijana wanalipwa pungufu na ni sheria. Amesema kweli. Kuanzia Aprili 2024, Uingereza walikuwa na pauni 11.44 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea, 8.60 kwa wa miaka 18 hadi 20, na 6.40 kwa aliye chini ya 18 na kwa baadhi ya wanagenzi. Bunge lao limeamua hivyo kwa makusudi, kwa hoja kwamba kijana asiye na uzoefu akigharimu sawa na mkongwe hataajiriwa. Na bado pengo hilo wanaliziba kidogo kidogo: Aprili 2025 kiwango cha miaka 18 hadi 20 kilipanda hadi pauni 10.00, wakati cha watu wazima kilipanda hadi 12.21.

Hapa kwetu Bunge halikuamua hivyo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi kazini na kinautaja umri kwa jina kati ya misingi iliyokatazwa. Kinataja pia hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia. Rudi kwenye jibu alilopewa binti siku ile ya mshahara: bado mtoto, huna mume, huna watoto. Misingi yote hiyo imekatazwa, na imetajwa ndani ya pumzi moja. Mwajiri anaweza kumlipa zaidi mwenye ujuzi au uzoefu mkubwa, hakuna anayemzuia. Anaweza kuwaongeza akina dada wafike 180,000 kwa kuwa wana miaka sita jikoni. Asichoweza ni kumshusha yeyote chini ya 150,000.

Hesabu

Mapunjo ya mshahara yenyewe ni mepesi: 150,000 kutoa 70,000 ni 80,000 kwa mwezi, mara miezi 9 ni 720,000. Shangazi alikuja akidai hizo tu.

Nilimwomba binti anieleze siku yake kwa saa. Saa moja asubuhi hadi saa moja usiku, toa saa moja ya mapumziko, ni saa 11. Mara siku sita ni saa 66 kwa wiki. Sheria inaruhusu saa 45 za kawaida. Zinabaki saa 21 za ziada kila wiki, na hizo peke yake zinavuka kikomo cha saa 50 za ziada ndani ya wiki nne. Kwa mshahara wa 150,000, saa moja ni shilingi 769.23. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 1,153.85. Saa 21 zinaleta kama 24,230 kwa wiki. Kwa wiki 39 za miezi ile 9, ni 945,000.

Saa alizokuwa hazihesabiwi zilizidi mapunjo aliyokuja kuyadai. Hili naliona mara kwa mara kwa wahudumu, wapishi na walinzi: mtu analia na mshahara mdogo, kumbe kinachomla zaidi ni saa. Na hesabu ya ovataimu lazima ianzie kwenye kima halali. Ukiianzia kwenye elfu sabini unamsaidia aliyekupunja akupunje tena.

Likizo nayo. Hakuwahi kupewa. Sheria inahesabu siku moja ya mshahara kwa kila siku 13 za kazi. Kwa siku 234 ni siku 18, mara 5,769.23, sawa na 103,846. Sikukuu za Krismasi na Mwaka Mpya, ambazo hulipwa maradufu, hatukuziweka kwenye madai kwa kuwa kurasa za Desemba hazikuwa kwenye simu ya kijana. Michango ya NSSF haikuwahi kupelekwa. Hiyo ni njia yake nyingine na sitaieleza hapa.

Chakula cha mchana mama alitaka kikatwe. Kukata kwenye mshahara kunahitaji sheria inayoruhusu au makubaliano ya maandishi. Hayakuwepo.

Tume

Mkutano wa nyumbani haukufika mwisho. Mama alikuwa tayari kutoa laki mbili "za kumsaidia mtoto arudi shule," na hakutaka zisomeke kama deni. Binti alikataa kwa upole. Tukajaza fomu ya malalamiko ya Tume, shangazi akiwa mlezi.

Muda nausisitiza hapa kwa sababu ndio unaoua madai mengi. Anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30. Migogoro mingine, yakiwemo mapunjo, ina siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Binti aliondoka mwisho wa Agosti na fomu ilipokelewa kabla siku hizo hazijaisha. Upande wa pili ulijaribu kusema kila mwezi ni mgogoro wake, kwa hiyo miezi ya mwanzo imepitwa. Sisi tulisema mgogoro ulianza alipodai akakataliwa. Tulikuwa pia na ombi la kusamehewa kuchelewa, tukiwa tumeliandaa pembeni na umri wake ukiwa sababu ya kwanza. Halikuhitajika, ila ningemshauri yeyote aliye katika hali hiyo aliandae.

Kwenye usuluhishi, msuluhishi hakutoa hukumu; hiyo si kazi yake katika hatua ile. Alichofanya ni kumuuliza mama mkataba uko wapi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi na ayatunze hadi miaka mitano baada ya ajira kwisha. Asipoyatoa kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa unamhamia. Mama akawa anabisha saa za kazi bila karatasi yoyote mkononi, na mbele yake zikiwa picha za daftari lake mwenyewe.

Daftari halikuwa kamilifu. Kuna miezi saa ya kuingia imeandikwa na ya kutoka imeachwa wazi. Ndiyo maana tulikubali kushuka kwenye ovataimu. Makubaliano yalikuwa hivi: mapunjo yote 720,000, likizo yote, na nusu ya saa za ziada, jumla iliyosawazishwa hadi 1,300,000, kwa awamu tatu. Wapo wenzangu waliosema ningeng'ang'ania yote kwenye uamuzi. Binti alitaka ada ya chuo cha ufundi ifike kabla ya Januari, na shauri lingeweza kuvuka hapo. Kwa mapunjo nisingekubali punguzo hata la shilingi, kwa sababu pale ushahidi ulikuwa kamili na haki yenyewe haina nusu. Kwa saa, mizani ilikuwa tofauti.

Kijana na mzee

Kijana wa miaka 20 aliingia kwa barua ya chuo, fildi ya wiki nane. Tulipokutana alikuwa na miezi 14. Mama aliendelea kumwita "wa fildi" na kumlipa posho. Sheria ya Taasisi za Kazi, kifungu cha 61, inamhesabu mtu kuwa mfanyakazi ikiwa lolote kati ya mambo yaliyotajwa humo lipo: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, anatumia vifaa vya mwajiri, anamtegemea kwa kipato chake, na mengine. Yeye alikuwa na karibu yote. Alifungua mlango asubuhi, akafunga hesabu jioni na kubaki na funguo za stoo. Baada ya wiki nane za chuo kwisha, jina la fildi lilikuwa limekufa.

Hakutaka kudai. Aliogopa kufukuzwa, na sikumlazimisha. Nilimweleza kwamba kumwachisha mtu kazi kwa sababu ametumia haki yake ya kisheria ni uachishaji usio wa haki, naye akasema, "Najua, lakini kodi ya chumba haisubiri Tume." Mwezi uliofuata makubaliano, mama alimpandisha hadi 150,000 bila kusema neno. Mapunjo yake ya nyuma bado yako pale.

Mzee naye alisema yeye na mama wametoka mbali. Hoja dhidi yake ilikuwa kwamba ana pensheni. Pensheni ni matunda ya kazi ya zamani. Geti analolinda leo ni kazi ya leo, na kutimiza miaka 60 hakumtoi mtu kwenye kiwango cha sekta. Tena saa za usiku zina nyongeza ya asilimia 5 juu ya mshahara, ambayo hakuwahi kuisikia. Alinisikiliza akanywa chai yake akasema, "Mwanangu, mimi niache."

Kwa watu kama hawa wawili nadhani njia sahihi ni afisa kazi wa serikali. Yeye hahitaji mfanyakazi ajitokeze na kusimama mbele ya bosi wake. Ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kukagua kumbukumbu na kumpa mwajiri amri ya kutekeleza sheria. Ukaguzi wa aina hiyo ungewafikia wote walioandikwa kwenye daftari kwa mara moja. Ningependa kuziona nyumba za wageni za Majengo, Pasua na Njoro zikipitiwa hasa Desemba, watoto wa kidato cha nne wanapokuwa wamejaa jikoni.

Viwango vyenyewe vimeshabadilika. Oktoba 2025 serikali ilitangaza amri mpya inayopandisha kima cha chini cha sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4 kuanzia 1 Januari 2026, kwa hiyo anayehesabu mapunjo yanayovuka tarehe hiyo apige hesabu mbili: miezi ya hadi Desemba 2025 kwa kiwango cha zamani cha sekta yake, na ya kuanzia Januari kwa kipya. Binti alilipwa awamu zote tatu, ya mwisho ikichelewa wiki mbili. Mama alipoikabidhi aliuliza kama na cheti cha kuzaliwa cha msichana mpya aliyemchukua anaweza kunitumia nikitazame. Nikamwambia akilete. Msichana alikuwa na miaka 16, na jikoni kwenye mgahawa ulioungana na baa hapakuwa mahali pake.